Asilimia na Folda ya Mlangoni

Jina lake la kuzaliwa tulikuwa tukiliona kwenye kitambulisho chake tu, na hata hapo lilikuwa limefutika nusu. Hospitali nzima, kuanzia mkurugenzi hadi wafagiaji, tulimwita Asilimia. Kila asubuhi alipita koridoni na kikombe chake cha chai, na yeyote aliyemuuliza, "Asilimia, leo ngapi?" alirushiwa tarakimu badala ya salamu. Themanini na moja. Themanini na nne. Wageni walidhani ni utani wa kazini. Kumbe ile ilikuwa sehemu ya diski ya seva iliyokwisha kujaa, na yeye ndiye aliyeajiriwa kuitazama isijae yote.

Mimi ni fundi wa jenereta. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyepesi, kiasi kwamba nikipiga chafya aliniombea afya kutoka upande wa pili. Naandika habari zake kwa sababu wengine wamezisimulia ovyo. Wanasema, "Si yule mama aliyefuta wafu?" halafu wanacheka, na mimi nikiwasikia natamani kumzaba mtu kofi. Alichofuta ni picha. Miongoni mwa picha hizo ilikuwamo, au haikuwamo, ya kijana mmoja ambaye baba yake, fundi cherehani, alitaka kujua kazikwa wapi. Mzee yule hakutaka kingine duniani. Kaburi la mwanawe, basi.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya mashuka zamani, na harufu ya sabuni haikuwahi kutoka. Mashine yenyewe haikuwa kama yale majitu yanayojaza ukumbi mzima kwenye mabenki, wala haikuwa kompyuta ya mezani. Ilikuwa ya kati, nyeusi, ikinifika kiunoni, ina safu ya taa za kijani zilizopepesa usiku na mchana. Kiyoyozi kilichoipooza kilivuja, kwa hiyo chini yake palikaa ndoo, na Asilimia alikuwa akimwaga maji ya ndoo hiyo kabla hata ya kuvua koti. Halafu alikaa, akaandika amri yake kwenye skrini, na orodha ikashuka: folda gani ina ukubwa gani, imeongezeka kiasi gani tangu jana, nani kaiweka.

Usidharau kazi hiyo. Maabara ilipitishia majibu yake mle, duka la dawa lilichapia lebo mle, picha za eksirei zililala mle, na kila kitu kiliacha taka zake. Ripoti zilizochapwa na kusahauliwa. Nakala za nakala. Diski ikikaribia kujaa mashine ilianza kulalamika kwa ujumbe mwekundu, na ikijaa kabisa iligoma. Kabla ya Asilimia kuajiriwa iliwahi kugoma siku nzima. Foleni ya dawa ilizunguka jengo, majibu ya maabara yakawa yanakimbizwa kwa mkono, na mama mmoja akapewa majibu ya mwenzake akalia mpaka jioni kwa ugonjwa asiokuwa nao. Mwenye ugonjwa alikwenda zake nyumbani akiimba.

Mlinzi wa diski wa wakati ule naye alikuwa na mkosi wake. Katika kuhangaika kutafuta nafasi alifuta kitu cha mkubwa mmoja, sijui mashairi, sijui picha za shamba lake. Wiki iliyofuata alihamishiwa kwenye chumba cha kufulia, na huko ndiko alikostaafia. Asilimia alirithi kiti chake na hadithi yake pia. Katika mashine ile mlikuwa na folda moja kubwa kuliko zote zisizo za kazi: video za harusi ya binti wa mkurugenzi, zilizopigwa kwa kamera tatu, kila kamera na saa zake, hazijakatwa hata dakika. Kila asubuhi ilikuwa pale juu ya orodha. Kila asubuhi Asilimia aliiruka kwa macho.

"Siku moja ifute tu," nilimwambia kupitia ukutani.

"Uje unisaidie kupiga pasi mashuka?" alinijibu.

Alikuwa mtu wa kucheka, hilo watu wamelisahau. Aliishi na mama yake mzazi na binti yake wa sekondari katika vyumba viwili, na alikulia vyumba viwili vilevile wakati vilipokuwa vimejaa ndugu, binamu, na shangazi aliyeachika akarudi na wanawe wote. Mama yake alikuwa na njia yake ya kupambana na msongamano. Kitu asichojua ni cha nani, kiatu kimoja, sufuria isiyo na mfuniko, sketi iliyokwisha kuwabana wasichana wote, alikiweka mlangoni. Hakuuliza mtu. Watu walipita wakikiruka, na Jumapili ikifika bila yeyote kusema "hicho changu," kilikwenda kwa majirani. Mwenye nacho angepiga kelele, ndivyo mama alivyokata shauri. Asilimia alinisimulia hayo huku akicheka, akaongeza kwamba mdoli wake wa pekee aliondoka kwa njia hiyohiyo, kwa sababu wiki ile alikuwa na homa na hakutoka kitandani.

Njia hiyo aliileta kazini. Kwenye seva alitengeneza folda akaiita MLANGONI. Kitu kikubwa kisicho na mwenyewe alikihamishia humo, kikawa hakifunguki tena mahali pake pa zamani, halafu akatuma tangazo kwenye skrini zote: kitu fulani kiko mlangoni, anayekihitaji aseme. Akasubiri mwezi mzima. Mtu akipiga simu kwa hasira, alikirudisha na kuomba radhi. Kimya kikitawala, alifuta. Kufungua vilivyomo ndani hakuruhusiwa, maana hizo zilikuwa siri za wagonjwa. Yeye alitakiwa kuona ukubwa na tarehe, basi. Hata tarehe zenyewe zilikuwa nusu. Mashine ilionyesha lini kitu kilibadilishwa mara ya mwisho, lakini kuandika lini kilifunguliwa kulizimwa miaka mingi nyuma ili isielemewe.

Kwa miaka njia ile haikumwangusha. Aliondoa takataka za kutosha kujaza seva nyingine, na waliopiga kelele walikuwa wachache, wengi wao wakiwa wakubwa waliosahau wenyewe kwamba kitu ni chao mpaka walipokikosa.

Sasa niende chumba cha maiti, maana huko ndiko upande wa pili wa jambo hili ulikoanzia. Mhudumu wa huko tulimwita Baridi, mzee mwenye mguu mbovu na moyo ambao sikuwahi kuuona kwa daktari yeyote. Mtu akifa bila karatasi na bila jamaa, Baridi alimpiga picha vile alivyoletwa, uso na nguo zake, na namba pembeni. Mwili ulingojewa kwa muda, kisha ukazikwa na halmashauri chini ya namba hiyohiyo. Nguo zilichomwa. Ikabaki picha. Ndiyo pekee iliyounganisha uso wa mtu na kibao cha namba kule makaburini.

Yule fundi cherehani alikuja akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwanawe aliondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi, na ukimya wake ulichukuliwa kuwa ukimya wa kawaida wa vijana. Kisha rafiki aliyesafiri naye akarudi, akasema waliachana katika mji wetu, kijana akiwa na homa kali, amelazwa na wasamaria kwenye veranda ya duka. Mwaka aliukumbuka. Mwezi hakuukumbuka.

Baridi alikuwa na desturi yake: hakumwonyesha mtu picha zote kwa siku moja. Aliwahi kuona mama akianguka mbele ya ile skrini na asiamke vizuri tena. Kwa hiyo alionyesha za mwezi mmoja, akafunga, akamwambia mtu aende akapumzike, arudi. Fundi cherehani alikubali. Alikuwa akija kwa basi kutoka mbali, anakaa mwisho kabisa wa benchi nje ya chumba changu, kwa sababu pale palikuwa na kivuli, na anangoja aitwe. Siku moja aliona mfuko wa koti langu umechanika. Alitoa sindano kwenye ukosi wake, akanyoosha mkono, nikavua. Alipomaliza ulikuwa imara kuliko koti lenyewe.

"Unamtambuaje, mzee, kwa picha tu?" nilimuuliza. "Homa hubadilisha sura."

"Sura sitazami sana," alisema. "Natazama shati. Mwanangu ni mashoto. Nilimshonea shati la buluu, mfuko nikauweka kulia, ili achomoe kalamu bila kujipinda. Hakuna fundi anayeweka mfuko kulia. Ni mimi tu, na kwa huyo mmoja tu."

Alisema "ni mashoto," si "alikuwa." Nilimpa chai.

Alikuwa amekwisha kupitia nusu ya mwaka ule, picha kwa picha, mshono kwa mshono, wakati mguu wa Baridi ulipokataa kabisa. Baridi alilazwa akafanyiwa upasuaji, kisha akapumzishwa nyumbani. Akawekwa mtu wa muda, kijana wa masijala ambaye alikaa karibu na mlango wa nje kadiri alivyoweza na kuhesabu siku za kuondoka.

Miezi hiyohiyo ndipo diski ilipofika maji ya shingo. Mashine mpya ya eksirei ilikuwa imefungwa, na picha zake zilikuwa nzito mara nyingi kuliko za zamani. Asilimia akawa hatanii tena koridoni. Aliomba diski za kuongeza, akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaulizwa kama hawezi kusafisha kidogo, si ndiyo kazi yake? Mama yake wakati huo alikuwa anatumia dawa za moyo kutoka duka lilelile lililotegemea mashine ileile, na Asilimia alijua vizuri siku mashine ikigoma nani atakosa nini.

Akapanga orodha kwa ukubwa. Juu, harusi. Chini yake, folda yenye herufi tatu na mwaka, iliyotengenezwa na fundi aliyekwisha ondoka, na ndani yake mamia ya picha nzito zenye majina ya namba tupu. Hakuna iliyobadilishwa tangu mwaka ule uishe. Alipiga simu maabara, hawaijui. Eksirei, hawaijui. Wodi, hawaijui. Chumba cha maiti alipiga pia, tusimsingizie. Yule wa muda alisema yeye ni mgeni, ila hadhani.

Akaiweka mlangoni. Tangazo likatoka. Kule chumba cha maiti kijana alibonyeza "sawa" ili lisimzibie skrini.

Akangoja kelele.

Fundi cherehani alikuja katika mwezi huo. Hilo nalijua kwa sababu alikaa kwenye benchi langu. Aliitwa, akaingia, akatoka muda si muda.

"Vipi, mzee?"

"Picha hazifunguki leo. Kijana kaniambia nirudi."

"Hukumwambia aite fundi?"

"Ah, ana kazi nyingi. Nimemshukuru."

Akavaa kofia yake akaenda kutafuta basi. Mimi nilidhani kompyuta ya kule imelala, jambo la kila siku, nikarudi kwenye jenereta yangu. Alikuja tena mwezi ukiwa ukingoni, akaambiwa vilevile, akashukuru vilevile. Asilimia, ukuta mmoja kutoka pale mzee alipokuwa ameketi, alitazama simu yake. Haikulia. Siku ya kufuta ilipofika, alifuta. Asubuhi ile alipita koridoni na kikombe chake, akatangaza tarakimu ndogo kuliko zote za mwaka bila hata kuulizwa, na tukampigia makofi.

Baridi alirudi kazini na fimbo. Siku ya kwanza alifungua kompyuta yake, akakaa akiitazama, kisha akaanza safari ya koridoni, fimbo ikigonga sakafu, na fundi cherehani nyuma yake na kofia mkononi. Nilitoka kuwasalimia. Wakanipita.

"Dada," Baridi alimwambia Asilimia, "picha zangu za mwaka ule umeziweka wapi?"

"Picha gani, mzee wangu?"

Akamtajia zile herufi tatu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake. Hakujitetea. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, picha hizo zilikuwa za nini, na Baridi akamwambia. Kisha akatazama nyuma ya Baridi, akamwona mzee aliyekuwa anatabasamu kwa adabu, akisubiri wakubwa wamalize mazungumzo yao.

"Baba, ulikuja wakati sipo? Hazikufunguka?" Baridi alimuuliza.

"Nilikuja mara mbili."

"Na hukusema?"

"Nilisema nitarudi," mzee alijibu. "Kwani kuna ubaya?"

Siku zilizofuata sikumsikia Asilimia akicheka upande wa pili wa ukuta. Nilisikia kanda za akiba, zilizohifadhi nakala za seva, zikiingizwa na kutolewa. Kanda zilikuwa chache na zilizunguka, mpya ikiandikwa juu ya ya zamani, na ile iliyokuwa na picha ilikwisha andikwa juu. Aliijaribu hata hivyo. Aliwapigia mafundi wa kampuni iliyoleta mashine, akawasihi, wakamwambia nafasi iliyoachwa wazi imekwisha kujazwa na eksirei. Kwenye halmashauri Baridi aliuliza kama makaburi ya miezi ile yanaweza kufunguliwa walinganishe mifupa na damu ya mzee. Wakamwambia lazima kwanza itajwe namba moja, na namba inatajwa kwa kutambua picha.

Asilimia alikwenda kujisema mwenyewe kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alimsikiliza akiwa anasaini mambo mengine, akauliza, "Kuna aliyelalamika?" Hakuna, alisema Asilimia. "Basi usijitafutie makubwa."

Alirudi kutoka huko akiwa hana hili wala lile usoni, akakaa, na kwa mkono mmoja akaichukua harusi ya binti wa mkurugenzi akaiweka mlangoni. Alinigongea ukutani akaniambia nije nikae. Nilikaa. Chai yangu ilikuwa haijapoa simu ilipolia. Katibu muhtasi alikuwa akihema: mkurugenzi anauliza video zimekwenda wapi, kuna wageni ofisini wanangoja kuziona, ni nani kazigusa?

"Umesikia?" Asilimia aliniambia akiwa ameziba kipaza sauti. "Umesikia jinsi inavyokwenda haraka?"

Akairudisha. Nilikasirika nikapiga teke ndoo ya kiyoyozi, maji yakatapakaa chumba kizima, na ikabidi tuyakaushe wote wawili kwa matambara. Mpaka leo hasira hiyo haijaniisha. Nafasi yote katika mashine ile ilikuwa ya wenye sauti, na mtu mwema alikuwa ameajiriwa kuwapokonya wasio nayo. Yeye hakuyasema hayo. Alisema, akikamua tambara, "Niliwahi kuwa na mdoli."

Usiku mmoja, akiwa amelala macho wazi, Asilimia alikumbuka vipicha. Programu ya kutazamia picha, kila inapofungua folda, hutengeneza vipicha vidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ili mtu achague. Vipicha hivyo havikai kwenye seva. Vinakaa kwenye kompyuta ya mezani ya mtazamaji, vimefichwa, na hakuna anayevijali. Baridi aliwahi kuifungua folda yote. Asilimia alikimbia koridoni na viatu mkononi. Alivikuta vyote, na namba chini ya kila kimoja.

Aliniomba niwepo mzee atakapokuja. Nilivaa lile koti.

Chumba cha maiti kina ofisi ndogo mbele, na dirisha linalotazama ukumbi wa wagonjwa wa nje. Tulikuwa wanne: Baridi kwenye kiti cha pembeni, mguu wake umenyooshwa, Asilimia kwenye kibodi, mzee karibu na skrini, mimi ukutani. Baridi alitaka waonyeshe mwezi mmoja tu kama kawaida. Mzee alisema, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Hapana. Leo zote."

Alivaa miwani yake ya kutungia uzi, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Asilimia alishusha safu moja baada ya nyingine. Watu waliolala, wadogo kama mbegu. Kwa kila mmoja mzee alitikisa kichwa na kusema kwa upole, "Si huyu," kana kwamba aliyelala angeweza kuvunjika moyo. Jua lilihama kutoka mezani likapanda ukutani. Kisha hakusema kitu, na Asilimia akaacha kushusha.

Shati lilielekea buluu. Kifuani, upande wa kulia wa aliyelala, palikuwa na kitu cheusi, kidogo.

"Mwanangu," mzee alisema bila kuondoa macho, "kazi yako ni hii mashine. Mimi macho yangu ni ya kitambaa. Niambie. Huo ni mfuko, au ni doa la damu?"

Asilimia alikikuza. Kikavunjika kikawa miraba, ya buluu, ya kijivu, mitatu au minne meusi. Akakirudisha. Akakikuza tena. Najua alichotaka kusema, maana na mimi kilikuwa kinanitoka mdomoni: mfuko. Ni neno moja tu, na mzee angeandikiwa namba, angekwenda kukaa kando ya kaburi, angepanda basi akiwa amemaliza. Nilimtazama Baridi, naye alikuwa anamtazama Asilimia, anamwomba kwa macho alitoe.

"Sijui, baba," alisema. "Ile picha kubwa ingeonyesha mpaka uzi. Niliifuta mimi. Hii haionyeshi, na wala haitaonyesha. Sijui."

Mzee aliendelea kuinama pale. Alinyoosha kidole akagusa mraba mmoja mweusi, akaupapasa, jinsi mtu anavyopapasa mshono kujua kama umeshika. Kioo ni kioo.

Hapo ndipo alipopiga kelele.

Sijui mwili mdogo kama ule uliitoa wapi. Haikuwa na maneno mwanzoni, na ilipopata maneno lilikuwa jina, jina la nyumbani la mtoto mdogo, akiliita na kuliita kama mtu anayeita mtoto aliye mbali shambani na mvua inakuja. Foleni ya dawa iligeuka yote. Watu wa maabara walitoka na glavu mikononi. Juu, kwenye ghorofa ya utawala, niliona pazia likisogezwa. Mlinzi alikuja mbio na rungu, na Asilimia akainuka akasimama mlangoni, ameukinga kwa mikono miwili.

"Usimguse," alisema. "Aseme yote. Nilimngoja mwezi mzima."

Ilichukua muda. Ilipokwisha, mzee alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati lake, akaichomeka mfukoni. Aliokota kofia yake sakafuni. Aliona watu dirishani, akaona mlinzi, akaona aibu.

"Samahanini sana," alituambia. "Nimewapigia kelele, na hapa pana wagonjwa."

Akatoka. Nilimwona akipita benchi langu bila kukaa, akiwapisha watu njiani. Asilimia alirudi kwenye kiti, akalaza uso juu ya kibodi, akalia, na kompyuta ikawa inatoa mlio wa kukataa, mlio juu ya mlio, mpaka nilipokwenda nikachomoa waya.